Majina Arobaini na Moja Kutoka Juu

Préfet Semutobo, mkuu wa shule ya milimani, hakuketi. Alphonse, mkuu wa bureau, alimwonyesha kiti mara mbili, na mara zote mbili mzee yule alikitazama tu akabaki amesimama. Alikuwa ameshuka kutoka milimani kwa miguu, siku nzima ya njia, na tope la huko juu lilikuwa limekauka kwenye suruali yake mpaka magotini. Alifungua bahasha iliyokuwa ndani ya plastiki mbili, akatoa karatasi, akaiweka mezani mbele ya Placide.

"Hii ndiyo orodha mulitosha kwa mashini," alisema. "Nilisoma yote. Shule ya Baraka iko. Lweba iko. Mboko iko. Batoto yangu habako."

Placide aliisoma karatasi kuanzia juu mpaka chini, halafu akarudia, ingawa mara ya kwanza ilitosha. Kazi yake kwenye bureau ile, ofisi ya umoja wa shule za kanisa, ilikuwa kuingiza kwenye mashine majina ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ili orodha ipelekwe Uvira kwa ajili ya mtihani. Majina ya Semutobo aliyaandika mwenyewe siku kumi zilizopita, arobaini na moja, na aliyakumbuka. Kulikuwa na Hakizimana wawili na Nyiramahoro watatu. Sasa hapakuwa hata na mmoja.

"Mi niliandika, Chef," alimwambia Alphonse. "Niliandika bote."

"Mwaka ule ulipita pia ulisema vile." Alphonse alikuwa mtu wa kupenda amani, na amani ikimshinda alianza kupanga kalamu zake mezani. Alikuwa anazipanga. "Mwaka ule, thelathini na munane. Mwaka huu, makumi ine na moja. Na kila mara ni ba juu. Kama mashini ndiyo inakula batu, juu ya nini haikule hata mumoja wa Lweba?"

Semutobo alikunja tena plastiki zake, kwanza moja, kisha ya pili.

"Mutoto yangu Igihozo alikaa nyumbani mwaka muzima," alisema, bila kupandisha sauti. "Banafunzi benzake ba Baraka balifanya mtihani. Yeye alichunga ng'ombe. Mwaka huu nilimuandika tena."

Kama angepiga meza, Placide angejua la kufanya. Sauti ile ya chini ndiyo iliyomtoa jasho.

"Siku ya posho kamati ya bazazi itaketi hapa," Alphonse alisema, akimaanisha Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. "Préfet atalala kwa parokia mpaka siku ile. Utakuya kuelezea bazazi namna gani majina inapotea. Kama hauna maelezo, utaniachia funguo."

Njiani kurudi nyumbani, fundi mmoja wa pikipiki aliacha gurudumu alilokuwa akiliziba, akajipangusa, akaja kumpa Placide mkono.

"Tulisikia, Papa Placide. Mulifanya muzuri."

Placide aliupokea mkono kwa mazoea, maana mtu hupokea mkono kabla ya kuuliza una nini ndani yake. "Muzuri ya nini?"

"Bale ba juu. Babakie kule kwabo." Fundi alimkonyeza akarudi kwenye gurudumu lake.

Placide alitembea hatua kama hamsini kabla ya kuelewa vizuri kwamba amepongezwa. Alijifuta kiganja kwenye shati. Alikuwa Mubembe wa Baraka, mji ule wa ziwani, baba yake Mubembe, babu yake Mubembe, na mambo ya damu yaliyopita kati ya watu wa ziwani na wale wa milimani aliyajua kama kila mtu. Alikuwa amezika watu wake. Lakini wazo la kufuta mtoto kwenye orodha ya shule halikuwahi kumpitia kichwani, na sasa kulikuwa na watu waliompenda kwa sababu waliamini limempitia.

Nyumbani alimkuta Godelieve, mke wake, ameketi mbele ya bidoni ya maji iliyojaa, haigusi. Divine, binti yao, alikuwa anapepeta mchele huku ameinamisha kichwa. Divine naye alikuwa mwaka wa mwisho, na yeye kwenye orodha alikuwemo, namba hamsini na nane.

"Leo bamama balinipisha mbele kwa kisima," Godelieve alisema. "Balinijazia ya kwanza. Niliuliza juu ya nini. Mumoja anasema, bwana yako ni mwanaume." Alimtazama mumewe. "Papa Divine, ulibatosha bale batoto kwa orodha?"

"Hapana."

"Niangalie muzuri."

"Hapana, Mama Divine. Sikubatosha."

Mke wake alimwangalia muda mrefu kuliko Placide alivyopenda. Kisha akasimama, akabeba bidoni, akaenda kuimwagilia mihogo maji yote mpaka tone la mwisho.

"Basi tafuta ni nini," alisema aliporudi. "Maji ya vile siwezi kuipikia."

Kesho yake jua lilipopanda vya kutosha kuamsha betri zilizounganishwa na panneau, yaani paneli za jua za paani, Placide aliketi mbele ya mashine. Programu iliyotunza majina ilikuwa na jina refu la kigeni, lakini pale bureau waliiita Ghala. Haikununuliwa. Ilitengenezwa na watu waliotawanyika duniani kote, wengi wao hawajawahi kuonana, kila mmoja akirekebisha kipande chake na kukiacha wazi ili yeyote akisome, akitumie au akikosoe. Placide alikuwa ameitumia miaka saba, na hakuwahi hata siku moja kuwaza kwamba watu hao wapo.

Aliliagiza Ghala litoe orodha ya mwaka huu. Majina mia mbili sabini na moja. Halafu, kama mtu anayepapasa tena mfuko aliokwisha kuupapasa, aliliuliza lina majina mangapi kwa jumla.

Mia tatu na kumi na mbili.

Alirudia. Orodha, mia mbili sabini na moja. Hesabu, mia tatu na kumi na mbili. Tofauti yake ilikuwa arobaini na moja kamili. Aliuliza habari za mwaka uliopita: hesabu ikasema mia mbili themanini na saba, orodha ikatoa mia mbili arobaini na tisa. Tofauti, thelathini na nane. Placide aliegemea kiti. Tangu jana alikuwa amejaa hofu tupu. Sasa hofu ilisogea kidogo, na kwenye nafasi ile ukaingia udadisi. Watoto walikuwa ndani. Ghala liliwahesabu, lakini likiambiwa liwataje, linanyamaza.

Alimwita Alphonse. Mkuu wake aliinama kwenye kioo, akasoma namba zote nne, akainuka.

"Biko ndani lakini habionekane," alisema. "Hii ndiyo utaelezea Préfet Semutobo? Atasema unamuchezea."

"Lakini si ni ajabu, Chef?"

"Iko ajabu," Alphonse alikubali kwa huzuni. "Lakini kamati haiwezi kukubali ajabu."

Nyuma ya kanisa kulikuwa na kilima kidogo ambako simu ilishika mtandao vizuri. Placide alipanda, akatafuta mahali ambapo watengenezaji wa Ghala huandikiana, akaeleza shida yake kwa Kifaransa, na mwishoni akaongeza mistari miwili ya Kiingereza cha shule. Jibu la kwanza lilifika kabla hajashuka. Lilikuwa la mstari mmoja: anunue mashine nzuri. Alilisoma na masikio yakawaka moto. Ni jambo dogo, kutukanwa kwa upole na mtu usiyemjua, lakini tangu jana alikuwa ameshapokea yake ya kutosha.

Jibu la pili lilifika baada ya saa moja, akiwa bado pale juu. Lilitoka kwa mwanamke aliyetia sahihi kwa herufi mbili tu, K.T., na liliandikwa na mtu asiyekuwa na haraka. Kila jina, alieleza, Ghala huliandika mahali pawili: kwenye kitabu chenyewe, na kwenye faharasa, yaani kurasa za mbele zinazoonyesha kila jina liko wapi. Likitakiwa kutaja, huangalia faharasa kwanza kwa sababu ni haraka. Likitakiwa kuhesabu, hupitia kitabu. "Nafikiri faharasa yako imesahau watu ambao kitabu kinawakumbuka," aliandika. "Liambie lisome kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, bila kupitia faharasa. Amri ni hii."

Placide aliteremka kilima karibu anakimbia. Aliiandika amri, akasubiri. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo, ya Baraka, ya Lweba, ya Mboko, na chini kabisa, kwa utulivu wa watu waliokuwepo siku zote, ya milimani. Igihozo alikuwa namba mia mbili tisini na nane. Alilitamka jina lake kwa sauti, peke yake ofisini. Kisha alitoa ya mwaka uliopita, akamwona tena, pale pale alipomwandika, mwaka mzima amekaa ndani ya mashine huku nje anachunga ng'ombe.

K.T. alimwonyesha pia jinsi ya kuijenga upya faharasa, na jioni ile orodha ilitoka na watu wote mia tatu na kumi na wawili. Kwa hiyo watoto walikuwa wamepona. Placide bado. Alijua Jumamosi wataulizana nini: kama majina yalikuwemo, nani aliyaficha, na kwa nini hayo tu? Asipokuwa na sababu ya kutaja, sababu itakuwa yeye.

"Hapa kwetu tumekata umeme makusudi mara arobaini tangu asubuhi," K.T. aliandika Jumatano. "Baada ya kila kukata, Ghala likiamka husoma shajara yake ya kazi za mwisho na kuzimalizia, kwenye kitabu na kwenye faharasa. Halijapoteza hata jina moja. Tueleze unavyofanya kazi. Kila kitu, hata usichodhani kina uzito."

Placide alimwandikia kurasa mbili. Alieleza betri zilizochoka, na jinsi umeme unavyokatika kila siku karibu na saa kumi na moja bila kuaga. Alieleza kwamba ma-préfet huleta orodha zao siku ile ile, naye huziingiza moja baada ya nyingine, na zile za milimani ndizo za mwisho. Alieleza vumbi, joto, na mjusi aliyewahi kuingia ndani ya mashine. Aliandika kila kitu isipokuwa jambo moja, ambalo alilifanya kila asubuhi, na kwa sababu hiyo hakujua tena kwamba analifanya.

Nyumbani walikuwa na kompyuta kuukuu ya mkononi, betri yake imekufa. Ukichomoa waya, inazimika papo hapo. Placide aliweka Ghala humo, akaiunganisha na kipaneli chao, akaanza majaribio. Andika majina kumi, chomoa, washa, hesabu. Godelieve alivuta kigoda, akapewa kazi ya kuchomoa.

"Nipatie majina," Placide alisema.

"Ya nani?"

"Ya muntu yeyote."

Alianza na shangazi zake, wote marehemu, akaendelea na wanawake wa kwaya, na walipoisha akataja kuku. Alichomoa waya mara ishirini na tatu kati ya Jumatano na Alhamisi, kila mara akisema "Kwaheri" kwa sauti ya mtu anayefunga duka, na kila mara mashine ilipoamka shangazi wote walikuwepo na kuku wote walikuwepo. Divine aliporudi masomoni alisimama nyuma yao akatazama.

"Kwa masomo banauliza kama ni weye, Papa," alisema.

"Na unajibu nini?"

"Nasema hapana. Banaseka. Banasema hata kama ni weye, hakuna shida."

Alhamisi alasiri Placide alipanda kilima akaripoti: mara ishirini na tatu, hakuna aliyepotea. K.T. alijibu kwamba kwake ni hivyo hivyo, sasa zimefika mara mia moja na ishirini, na kwamba wenzake wanataka kuifunga taarifa hii kama kosa la mashine moja mbovu. Yeye hataki. Lakini zaidi ya Ijumaa hataweza kuwazuia.

Ijumaa asubuhi Godelieve alifunga kitambaa kichwani, akasema anakwenda naye bureau. "Nikaone hiyo mashini inaniletea heshima kwa kisima."

Aliketi kwenye benchi la wageni, karibu na mlango, na bakuli la sombe, majani ya mihogo, mapajani. Placide alibonyeza kitufe. Mashine ilinguruma, ikaamka, Ghala likafunguka lenyewe kama ilivyopangwa. Placide akatoa simu mfukoni, akaitazama, akaanza kubonyezabonyeza pembeni mwa kioo.

"Unafanya nini pale?"

"Naweka saa."

"Saa ya nini?"

"Ya mashini. Ka-pile kake ka ndani, ka-betri ka saa, kalikufa. Ikizimika, inasahau siku. Kila asubuhi inaamuka inazani iko tarehe moja, mwezi wa kwanza, mwaka elfu mbili na tisa." Aliendelea kubonyeza. "Niliagizaga pile Uvira. Banasema itakuya."

"Tangu wakati gani?"

"Miaka mitatu, hivi."

Godelieve aliweka bakuli chini. "Na ile ya nyumbani?"

"Ile pile yake iko muzima."

"Mi nilikaa pale siku mbili," alisema polepole, "nilichomoa mpaka mukono ilichoka. Na sikukuona unaiwekea saa hata mara moja. Na yenyewe haikupoteza muntu."

Kidole cha Placide kilibaki hewani. Aliitazama saa ya mashine, kisha mke wake, kisha tena saa. Ghala lilikuwa limeshaamka, limeshasoma shajara yake, limeshamaliza kazi zake zote, na yeye ndiyo kwanza alikuwa anaifikisha mashine kwenye mwaka wa leo.

Alitengeneza nakala ya majina ili yale ya kweli yasiguswe. Aliandika kumi mengine, wale wale shangazi. Hesabu mia tatu ishirini na mbili, orodha mia tatu ishirini na mbili. Akamwambia Godelieve achomoe.

"Kwaheri," alisema Godelieve.

Mashine ilizimika. Waliiwasha, ikaamka mwaka elfu mbili na tisa. Placide hakugusa saa. Aliliuliza Ghala: hesabu, mia tatu ishirini na mbili. Orodha, mia tatu na kumi na mbili. Shangazi wote walikuwa wametoweka. Placide alicheka kwa sauti, akapiga paja, mtu mzima anafurahia hasara. Alphonse alichungulia mlangoni kuona kuna nini. Kisha walirudia, safari hii saa ikiwekwa kwanza na Ghala likiamshwa baadaye. Hakupotea mtu. Walirudia mara sita, zamu kwa zamu, na mara zote sita ikawa hivyo hivyo.

Walipanda kilima wote wawili, Placide akaandika yote, na jibu la K.T. lilikuja kabla ya saa sita.

"Mstari wa programu unaofanya hivyo niliuandika mimi," aliandika. "Miaka miwili iliyopita tulitaka Ghala liamke haraka zaidi. Niliweka kanuni: wakati wa kumalizia faharasa, ukikuta kazi yenye tarehe ambayo haijafika, itupe, maana lazima imeoza. Mashine yako inaamka ikidhani ni 2009, inaona kazi za jana zina tarehe ya miaka mingi mbele, inazitupa. Nilikuwa na hakika kwamba saa huenda mbele tu. Samahani. Hakuna kati yetu mwenye mashine ya kusahau mwaka, na tusingeligundua kosa hili kamwe. Leo tunautoa. Tutaandika jina la aliyeligundua, tuandike nani?"

Placide alijibu: Placide na Godelieve, Baraka.

"Banaandika jina yangu fasi gani?" Godelieve aliuliza.

"Fasi kila muntu wa dunia anaweza kusoma."

Alifikiri kidogo. "Ba kwa kisima pia?"

Jumamosi wazazi walijaa pale bureau, wa mjini viti vya mbele, wa vijijini nyuma, na Semutobo amesimama kando ya dirisha. Placide alikuwa amevaa shati la Pasaka. Alieleza alivyoweza: mashine hii ni kama mtu anayeamka kila asubuhi akiwa amesahau miaka kumi na kitu, unamwonyesha barua ya jana, anasema ni ya uongo kwa kuwa siku hiyo haijafika, anaitupa. Barua za zamani zilizokwisha kuwekwa kabatini hazigusi. Anatupa zile tu zilizobaki mezani umeme ulipokatika. Aliwaonyesha kwenye kioo, akachomoa waya mbele yao, watu wakasogea kuona. Wazazi wa mbele walianza kuitikia kwa vichwa, wameridhika. Hata Alphonse aliacha kalamu zake. Placide alihisi mabega yake yanashuka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Nina swali," alisema Semutobo.

"Uliza, Préfet."

"Nimesikia. Mashini inatupa bale babakia kwa meza saa ya mwisho. Juu ya nini saa ya mwisho ni siye kila mara?"

"Juu munatoka mbali," Placide alijibu upesi. "Munafikaga nyuma ya bengine. Mi naandika namna munafuatana."

Semutobo alitikisa kichwa. "Mwaka huu nililala Lweba kusudi niwahi. Nilifika hapa saa ine ya asubuhi. Préfet wa Baraka hakukuwa bado amefika, wala wa Mboko. Uliniambia niketi pale." Alionyesha kwa kidole benchi lililo karibu na mlango. "Nilikaa pale mpaka saa kumi."

Placide alilitazama benchi, na siku ile ikamrudia yote kwa mpigo. Mzee na plastiki zake mbili, amewahi. Préfet wa mjini akaingia na funguo za pikipiki mkononi, akisema ana haraka, naye akamchukulia karatasi. Kisha wa Lweba. Kisha wa Mboko, ambaye ni rafiki. Kila mara alimwambia mzee "bado kidogo", na mzee akaitikia kwa heshima. Hakuwa amemchukia. Hata hakuwa amemfikiria. Ndivyo siku ilivyopangika, na mwaka uliotangulia ilikuwa imejipanga vile vile.

Angeweza kusema hakumbuki. Maelezo yake yalikuwa yameshapokelewa, funguo zilikuwa zake. Nyuma kabisa Godelieve alikuwa amesimama, na macho yake hayakuwa kwenye kioo, yalikuwa kwake.

"Ni kweli," Placide alisema. "Ulifika wa kwanza. Ni mi nilikuweka wa mwisho. Mashini ilifanya yake, lakini ile ya kupanga nilifanya mi. Igihozo alipoteza mwaka juu ya mashini, na juu yangu pia."

Mzazi mmoja wa mbele aliguna. Mwingine alimwangalia Placide kama anayemwona mpumbavu, mtu anayerudi kuchukua mzigo aliokwisha kutuliwa. Semutobo hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliomba tu kuiona orodha, akaisoma jina kwa jina, na Alphonse alipoitia mhuri, mzee alisimama karibu mpaka bahasha ikafungwa.

Usiku Placide aliona aibu hata ya kula. Jumatatu yule fundi wa pikipiki hakumpa mkono. Kisimani bidoni ya Godelieve ilirudi kwenye foleni, ya tisa au ya kumi, na aliporudi na maji aliyapikia.

Wiki tatu baadaye ma-préfet walileta orodha nyingine, za watoto wa darasa la sita. Pile ilikuwa bado haijatoka Uvira, lakini Ghala jipya lilikuwa limefika, bila ule mstari. Semutobo alifika saa nne kasoro. Placide alikuwa amelitoa benchi pale mlangoni na kuweka kiti kando ya meza yake, akazipokea zile plastiki mbili kwa mikono miwili, akaanza kuandika.

Préfet wa mjini aliingia na funguo zake. "Papa Placide, miye niko mbio kidogo."

"Ngoja kidogo, Préfet. Huyu alifika mbele."

"Tangu lini munafanyaka hivi?"

"Tangu leo."

Alimaliza jina la mwisho, la hamsini na tatu, akamgeuzia Semutobo kioo. Mzee aliyafuata kwa kidole, yote, midomo ikicheza. Alipofika chini aliinua kichwa.

"Zima," alisema.

Placide alielewa. Akachomoa waya. Kioo kilikufa, préfet wa mjini akatoa mguno. Placide aliurudisha waya, akangoja mashine iamke, nayo ikaamka, kama kawaida yake, mwaka elfu mbili na tisa. Hakugusa saa. Alitoa orodha. Kidole cha Semutobo kilianza tena juu, kikashuka bila haraka mpaka hamsini na tatu.

Basi mzee alikivuta kile kiti, akaketi, akaweka mikono magotini.

"Zima tena," alisema.

Placide akachomoa.